Nilizing'arisha Nywele za Mke Mwenzangu

Kwa mlionikosa wiki jana: mimi ndiye Mwanahawa, msusi wa Ufukoni. Ndiye yule ambaye mume wake Idrisa alirudi kutoka Mahurunga na kirikuu, kigari chake cha mizigo, kimejaa mchele, akashusha magunia, akanawa uso, akala akashiba, ndipo akaniambia anaoa mke wa pili. Na anayemwoa ni Shamimu. Shamimu huyohuyo niliyemfundisha kushika kitana, aliyelala kitanda kimoja na mwanangu Salma, aliyekuwa akiniita dada.

Niliishia pale nilipookota mchi nimpige nao, nikaurudisha chini. Leo nawaambia kilichofuata, na msiwe wepesi wa kunihurumia.

Siku kadhaa Idrisa alinizungukazunguka kama paka aliyeiba dagaa. Asubuhi moja nafagia saluni, akaja akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mama Salma, nina ombi."

"Sema."

"Shamimu anataka nywele zake ziwe kama za yule mwalimu uliyemfanyia. Zile rangi ya asali. Kwa ajili ya harusi."

Nikaendelea kufagia.

"Zile unaziweza wewe tu hapa mjini," akasema. "Bila rangi, bila blichi. Halafu ukimpamba wewe, mke mkubwa, watu watafunga midomo. Watajua umeridhia."

Nyie, sikilizeni vizuri. Huyu mtu kanichukulia mwanafunzi wangu, sasa anataka mikono yangu hii imtengenezee kichwa, ili Mtwara nzima ijue nimefurahi. Na amekaa kwenye kiti changu kuniambia hivyo, miguu kainyoosha.

"Nimeridhia," nikamwambia. "Mwambie anunue asali ya Tunduru, mbichi, isiyopikwa. Vingine nitakuja navyo."

Uso ukamkunjuka. Alitoka pale anapiga mluzi.

Siwafichi. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa asali. Lilikuwa mafuta ya maganda ya korosho. Mtu wa huku haelezwi mafuta yale yanavyobabua ngozi, tumeona mikono ya wanaobangua. Kichupa nilikipata kwa jirani, nikakifunga kwenye ncha ya khanga, nikatembea nacho mchana kutwa. Nilikuwa namwona Shamimu anavyoshika kichwa. Nilikuwa namsikia anavyolia, na roho yangu inapoa.

Kisha nikafikiria gereza. Nikafikiria nikishafungwa, nani atabaki na Salma ndani ya nyumba ile. Shamimu. Atamlea mwanangu, atamsuka, mtoto atamwita mama. Nikakirudisha kichupa kwa mwenyewe, nikasema asante, sikukitumia.

Basi nikaenda na ndimu zangu.

Dawa yenyewe si uchawi, nawapa bure. Asali mbichi, maji ya ndimu, mdalasini wa unga, chumvi kidogo. Unachanganya, unapaka toka shina la nywele mpaka ncha, mtu anakaa juani, na zisikauke. Zikianza kukauka unazilowesha tena kwa ndimu. Asali usiiweke motoni hata kidogo. Ikipata moto nguvu inakwisha, unabaki unampaka mtu sharubati. Unarudia hivyo siku baada ya siku, nyeusi inalegea taratibu, inakuwa kahawia, inakuwa asali. Hapo unaosha, unapaka mafuta ya nazi, unaacha.

Hapo pa kuacha ndipo penye ufundi. Ukizidisha, nywele zinakuwa nyepesi, laini, zenye wekundu wa vumbi, mithili ya za mtoto mwenye utapiamlo.

Shamimu alikuwa amewekwa ndani kwa mama yake mdogo, hukohuko Ufukoni, anasingwa mwili kwa liwa la kunukia asubuhi na jioni. Na mwari haruhusiwi kuonwa na jua. Mama yake mdogo akanijia juu.

"Mwanahawa, unataka kumkausha mtoto wa watu? Jua na mwari wapi na wapi?"

"Jua litapiga nywele tu, mama. Uso hautaona kitu."

Nikachukua kawa la kufunikia chakula, nikalikata kileleni, nikamvalisha. Uso na mabega yakabaki kivulini, nywele nikazitoa kwa lile tundu la juu, nikazitandaza pande zote juu ya ukindu. Mama mdogo mwenyewe akacheka, akaenda kupika.

Tukabaki wawili uani. Mimi napaka, yeye sauti inatoka chini ya kawa.

"Dada, unanichukia?"

"Usitikise kichwa."

"Mimi nilimwambia akuombe ruhusa kwanza. Akasema umeshakubali."

"Funga macho, ndimu itaingia."

Akafunga. Shingo yake ilikuwa imekonda. Alikuwa ametoka kuugua malaria mwezi uliopita, mifupa ya mabega imesimama. Ningeweza kumhurumia. Nilijaribu kutafuta hiyo huruma, sikuipata.

Ilipofika siku nywele zimekuwa asali yenyewe, nilimpa kioo. Alijigeuza huku, akajigeuza huku, akatabasamu kwa aibu. Alikuwa amependeza, sisemi uongo. Nilichukia alivyopendeza.

"Zimetosha, dada?"

Zilikuwa zimetosha. Mafuta ya nazi nilikuwa nayo pembeni, kifuniko kimeshafunguliwa.

"Bado," nikamwambia. "Kidogo tu."

Nikamrudishia kawa kichwani. Na kesho yake nikasema bado, na kesho kutwa nikasema bado. Mwenyewe hakuweza kujua, kioo nilikuwa sikileti tena.

Sasa lazima niwaambie kuhusu Bi Hadija, shangazi yake Idrisa, maana bila yeye hadithi hii haiendi. Mimi ni Mmakonde wa Newala. Kiswahili nilikikuta shuleni, na ngeli zilikuwa zinanipiga chenga. Tangu niolewe, nikifungua mdomo mbele za watu, Bi Hadija ananirudi. Nikisema "kiti ameanguka" anasema, "Mwenzangu, kiti kimeanguka, kwani kiti ni mjomba wako?" Watu wanacheka. Nimefanywa kichekesho kwenye harusi, kwenye akika, mpaka msibani. Kiswahili changu kimenyooka zamani, ila yeye kucheka hakuacha.

Siku ya shangazi za bwana harusi kuja kumtazama mwari, Bi Hadija aliingia mbele ya wenzake. Shamimu akafunuliwa khanga kichwani.

Nywele zilikuwa zimepauka, laini, zimelala kichwani hazina nguvu. Na ule wembamba wake. Akina mama wakatazamana.

Bi Hadija akanishika mkono, akanivuta mpaka jikoni, akarudishia mlango.

"Mwanahawa, wewe ndiye uliyekuwa naye. Nywele za huyu binti zina nini? Mbona ziko hivi, na yeye kakonda hivi?"

Jibu la kweli nilikuwa nalo mdomoni: zimeungua. Nywele zimeungua kwa ndimu na jua, basi, zinakatwa kidogo, zinapakwa mafuta, zinarudi. Nikaiacha ile "zi". Nikaweka nyingine.

"Kaungua," nikasema.

Mnaotoka mbali niwafafanulie. Huku kwetu mtu akiambiwa kaungua, haulizwi moto ulikuwa wapi. Inaeleweka kakanyaga miwaya, ana ule ugonjwa. Nami nilikuwa na pa kujificha: kesho nikiulizwa, nitasema nilimaanisha nywele, ni hiki Kiswahili changu cha Newala, si mnakijua?

Nilisimama pale nikimngojea anirudi. Aseme, "Mwenzangu, zimeungua, kwani nywele ni mtu?" Miaka yote ile hajaniacha hata mara moja.

Siku ile hakunirudi. Aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio, akatoka, na wenzake wakatoka naye hata juisi hawajaimaliza.

Kabla ya adhuhuri ya siku ya pili harusi ilikuwa imeahirishwa. Wajomba wa Idrisa walisema mambo yangoje kwanza. Idrisa akarudi nyumbani macho mekundu.

"Nani kamsemea Shamimu vibaya?"

"Kasemwaje?"

"Wanasema kaungua."

"Ee Mola," nikasema, nikaendelea kuchambua mchele. "Mimi shangazi aliniuliza habari za nywele, nikamjibu habari za nywele. Labda Kiswahili changu, baba Salma. Si unajua."

Alinitazama sana. Hakuwa na la kunishika. Nilikula vizuri siku ile, jamani, nikaongeza na mchuzi. Nilimsikia mama mdogo wake Shamimu analia mtaa wa pili, na kwangu ilikuwa taarabu.

Raha yenyewe haikukaa.

Mwalimu Yustina, yule wa nywele za asali, alikuwa na ahadi ya kuja kuzitunza nywele zake. Alikuja, lakini hakukaa. Alisimama mlangoni, mkoba kaushika kwa mikono yote miwili.

"Mama Salma, leo sitasuka."

"Una haraka?"

"Sina haraka. Mimi ni mtu wa Ruvuma, sijui kuzunguka na maneno." Akashusha sauti. "Watu wanasema huyo binti kaungua. Sawa. Alikuwa na mumeo, na mumeo yuko na wewe. Wewe unatumia nyembe, unatumia sindano za kushonea nywele. Wateja wako wanahesabu, mama Salma. Mimi nimekuja kukwambia kwa sababu nakuheshimu. Wengine hawatakuja kukwambia, hawatakuja tu."

Nikakaa kwenye kile kiti cha wateja.

Niwaambie ukweli, hilo sikuwa nimeliwaza hata dakika moja. Nilikuwa nimeona kichwa cha Shamimu tu. Sikuona kwamba kichwa kile kimefungwa kamba moja na changu, na mwenye kushika kamba ni Idrisa. Na Mwalimu hakukosea. Saluni ilikauka. Salma akarudi kutoka kucheza ananiuliza kwa nini mama wa rafiki yake Agnes kasema asinywe maji kwenye kikombe chao.

Hapo nikavaa mtandio, nikaenda kwa Bi Hadija.

"Shangazi, kuna kosa. Mimi nilikuwa nasema nywele. Nywele zimeungua. Kwa ndimu na jua. Nilizidisha mwenyewe."

Bi Hadija alikuwa anapepeta. Aliweka ungo chini.

"Zimeungua?"

"Zimeungua, shangazi."

"Juzi ulisema kaungua. Leo unasema zimeungua." Akanitazama kuanzia miguuni. "Kiswahili kimekuingia kwa haraka, mwenzangu. Uoga ni mwalimu mzuri kuliko mimi."

"Nielewe, shangazi."

"Nimekuelewa. Sasa kamweleweshe baba yake."

Baba yake Shamimu, Mzee Hassani, alikuwa ameshafika kutoka Mahurunga kwa bodaboda, vumbi la njia nzima lipo kwenye kanzu. Mkulima wa mpunga, hapigi kelele. Alituweka wote ukumbini kwa Bi Hadija: Idrisa, mimi, na Shamimu aliyejitanda mpaka puani.

"Binti yangu kachafuliwa," akasema. "Siulizi nani. Nikimjua nitapata dhambi. Kesho asubuhi tunakwenda kupima. Yeye atapima, na Idrisa atapima, na mkewe mkubwa atapima. Majibu yatasomwa mbele yangu. Binti yangu akionekana mgonjwa, nitaondoka naye nikamuuguze, hakuna atakayemtukana. Akionekana mzima, kila aliyesema atasimama hapa amwombe radhi."

"Mzee, si lazima kufika huko," Idrisa akasema.

"Nimeshafika."

Asubuhi tukaenda na kirikuu, wanawake mbele na Idrisa, mzee nyuma kwenye magunia. Kituo chenyewe kilikuwa hakijajaa, tukapewa benchi moja la ukutani. Shamimu akakaa katikati, mimi kulia kwake.

Akaegemea sikioni kwangu.

"Ni wewe, dada?"

Ningeweza kusema Kiswahili. Ningeweza kusema shangazi.

"Ni mimi," nikasema.

"Na nywele? Ulizidisha makusudi?"

"Makusudi."

Akaliondoa bega lake kwenye langu.

"Nikitoka humo ndani mzima," akasema polepole, "nitakusema mbele ya baba, mbele ya mumeo, mbele ya kila mtu aliyeko hapa. Nitakuita jina lako. Na nitaolewa, na nitakuja kukaa nyumba ile, na utaniona kila siku."

Nami nilimwamini. Kama ningekuwa yeye, ningefanya zaidi.

Muuguzi, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, akamwita. Akaingia. Tulikaa pale mpaka benchi likaniuma. Mzee Hassani alikuwa anavuta tasbihi. Idrisa alikuwa anachezea funguo za gari, anazizungusha kidoleni, anazizungusha.

Shamimu akatoka. Mtandio ulikuwa umeshuka mabegani, zile nywele nilizoziharibu ziko wazi, wala hakujali. Akampa baba yake karatasi.

"Nisomee, mimi miwani sina."

"Mimi ni mzima, baba."

Mzee akaweka karatasi kwenye kifua, akafumba macho. Shamimu akanigeukia. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kuniita. Nami nilisimama, nikasema bora nipigwe nimesimama.

"Idrisa," muuguzi akaita kutoka ndani.

Idrisa hakuinuka.

"Baba Salma, unaitwa," nikamwambia.

"Nimesikia. Nimeacha gari vibaya, nikaliweke sawa kwanza."

"Gari liko sawa," mzee akasema.

"Ingia Mwanahawa kwanza."

Muuguzi akachungulia mlangoni. Alimtazama Idrisa, Idrisa akatazama chini, na hakuna aliyeamkia mwenzake, kana kwamba hawajuani. Lakini mimi ni msusi. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya vichwa vya watu, najua shingo ya mtu inavyokuwa anapotaka kukimbia.

Shamimu naye aliona. Ile pumzi aliyoivuta kwa ajili yangu aliitoa kwake.

"Idrisa, kwa nini hutaki?"

"Sina haja ya kupima."

"Kwa nini huna haja?"

Funguo zikasimama kidoleni.

"Kwa sababu nilishapima," akasema. "Mwaka juzi."

Mzee Hassani akaacha tasbihi. Mwaka juzi. Mwaka juzi ndipo alipoanza kumeza kidonge kila jioni, akaniambia daktari kamwandikia cha presha. Nilikuwa namletea maji mwenyewe. Nilikuwa nikimkumbusha akisahau.

Karibu miaka miwili namletea maji.

"Hukumwambia dada?" Shamimu akauliza.

"Nilitaka kumwambia."

"Na mimi ulitaka kuniambia lini?"

Alisimama, akafanya kama anakwenda getini. Shamimu alikuwa mwepesi, alimpokonya zile funguo mkononi akampa baba yake, na mzee akazitia mfukoni mwa kanzu akapiga vifungo.

"Kaa," mzee akamwambia. Idrisa akakaa.

Mimi nilikuwa bado nimesimama. Ule uchungu niliokuwa nao kwa Shamimu niliutafuta, haukuwepo. Ulikuwa umehamia mwisho wa benchi, kwa mwanamume aliyeinamisha kichwa, na ulikuwa mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Nilikikumbuka kile kichupa cha mafuta ya korosho, nikasikitika kwamba nilikirudisha.

"Mwanahawa," muuguzi akaita.

Macho yangu yalibaki kwa Idrisa. Shamimu akanishika kiwiko. Sikutarajia, nikataka kuutoa mkono wake, nikauacha.

"Ingia," akasema. "Langu na lako halijaisha. Lakini ingia, huyu namlinda mimi."

Nikaingia. Muuguzi akafunga mlango, akanichoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kipimo kidogo, akakigeuza nisikione. Aliniuliza nina watoto wangapi. Nikamwambia mmoja, Salma. Akaniuliza Salma ana umri gani, nikamwambia. Akaniuliza kama hivi karibuni nimeumwaumwa, nikamwambia nimeumwa roho tu.

Hakucheka. Dakika zikapita anaandika.

Kisha akakiinua kipimo, akakitazama muda mrefu, akaweka kalamu chini, na akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Mama Salma," akasema, "nipe mkono wako kwanza."